Kutengeneza mita ya ampea ya redio ya ridhaa: anza nje, kioo kiwe cha mwisho

Mita ya ampea, ile inayoonyesha kwa mshale umeme kiasi gani unapita, ikigoma kwenye sanduku la betri la redio, wengi wetu huku Kusini mwa Tanzania tunaitoa, tunaunga waya moja kwa moja, redio inawaka, maisha yanaendelea. Naomba tuache tabia hiyo. Redio ya ridhaa, yaani ile ya watu wanaorusha na kupokea mawasiliano kwa kupenda na si kwa biashara, ikiwa ya wati 100 hula karibu ampea 1 ikiwa inasikiliza tu, kisha hupanda hadi ampea 20 hivi unapobonyeza kurusha kwa nguvu zote. Mshale ukifika hapo unajua nguvu inatoka. Ukiishia 10 au 12 wakati hujapunguza chochote, redio imejipunguza yenyewe: ama antena haijakaa sawa, ama volti zinapotelea njiani. Ukibaki kwenye 1, unaongea peke yako. Na mchana, paneli ya wati 100 inayoleta ampea 5 jua likiwa utosini, siku inapoleta 2 tu ni mshale unaokuambia kwamba kivuli cha mkorosho kimeifikia au waya umelegea. Bila mita, hayo yote unayajua betri ikishakata.

Na kwetu betri kukata si jambo dogo. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, na mwezi huohuo nyaya za intaneti zilizolazwa baharini zikapata hitilafu, mitandao ikayumba nchi nzima. Redio inayoishi kwa betri na paneli ina kazi yake mikoa hii. Anayeitunza anatakiwa ajue muda wote ana umeme kiasi gani mkononi na unaondoka kwa kasi gani.

Mita nyingi zinazoitwa mbovu si mbovu ndani. Sehemu yenye mshale ni laini na inahitaji mkono mtulivu, kwa hiyo watu hudhani ndiyo iliyoharibika. Pwani kinachotangulia kuharibika ni maungio: nati, pete za shaba, nyaya nyembamba zinazotoka kwenye shanti, kile kipande cha chuma kinachobeba sehemu kubwa ya mkondo badala ya mshale. Upepo wa kusi unapuliza miezi mingi ukiwa na chumvi ndani yake, na chumvi haibishi hodi. Ndiyo maana mwongozo huu unatoka nje kwenda ndani. Ukiufuata kwa mpangilio huo, huenda usifikie kabisa hatua ya kufungua kioo.

Vya kuandaa

Multimita yenye kipimo cha milivolti 200 na tundu la ampea 10. Balbu ya taa kubwa ya gari ya volti 12, wati 55, tena ukipata mbili au nne ni bora zaidi, na zilizotumika hazina tatizo mradi nyuzi zake ni nzima. Betri moja ya tochi ya volti 1.5. Rezista tatu za kilo-omu 47, 10 na 1.5. Volyumu, yaani kirekebisha sauti, ya kilo-omu 50 iliyochomolewa kwenye redio kuukuu. Bisibisi ndogo, msasa laini, mswaki uliostaafu, spiriti, vaselini, selotepu, chuma cha lehemu na risasi yake. Ongeza njiti mbili tatu za chelewa zilizochongwa ncha kwa wembe. Chelewa haivutwi na sumaku, na huko mbele utaona kwa nini nimeitaja.

Hatua ya kwanza: ondoa umeme

Chomoa fyuzi iliyo karibu na chanya ya betri. Kama sanduku lako halina fyuzi hapo, acha kila kitu uiweke kwanza, ya ampea 30 kwa redio ya wati 100. Betri ya lithiamu au ya asidi, hata ndogo, ikiguswa chanya na hasi kwa bisibisi inamwaga mamia ya ampea kwa mkupuo mmoja. Vua pete na saa ya chuma. Kwa majaribio ya balbu utakayofanya, weka fyuzi ya ampea 10 badala ya ile kubwa.

Hatua ya pili: ijue mita uliyonayo

Ziko za aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ina shanti ndani. Nyuma utaona bolti mbili nene, na usoni imeandikwa A tu. Ya pili shanti yake iko nje: kipande cha chuma chenye bolti kubwa mbili za kupitisha mkondo na skrubu ndogo mbili za kupimia, kimegongwa maandishi kama 30A 75mV. Mita yenyewe ina nyaya nyembamba tu. Ya tatu ni ile ya magari na matrekta ya zamani, sifuri katikati, 30 upande huu na 30 upande ule. Hii haina koili nyembamba, mkondo unapita kwenye utepe wa shaba na kukisukuma kipande cha chuma. Ni ngumu kuua, lakini usiitegemee kwa usahihi. Ikigoma, safisha bolti zake na uangalie kama mshale umekwama, basi.

Shanti kazi yake ni rahisi kuielewa. Koili ya mshale ni waya mwembamba kama unywele, haiwezi kubeba ampea 30. Mkondo karibu wote unapita kwenye shanti kama malori yanavyopita barabara kuu, na kiasi kidogo sana kinapita kichochoroni kwenye koili. Kwenye shanti ya 30A 75mV, ampea 30 zikipita, baina ya skrubu zake ndogo kunakuwa na milivolti 75, na mshale unafika mwisho. Ukinzani wake ni mili-omu 2.5. Kwa kila ampea moja unapata milivolti 2.5. Ishike namba hiyo, tutaitumia sana.

Kutokana na hilo kuna hatari moja ya kuikumbuka daima: shanti ikikatika au ikilegea, mkondo wote unakimbilia kichochoroni na koili inaungua papo hapo. Usiwashe redio hata mara moja kwa majaribio ukiwa na mashaka na shanti.

Hatua ya tatu: nati, pete na chumvi

Hapa ndipo pa kutumia muda.

Mzee mmoja wa Mikindani aliniletea sanduku lake lote baada ya kukaa nalo wikiendi ufukweni Msimbati. "Fundi, mita hii marehemu, kama una nyingine niuzie." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, tuiangalie kwanza." Lalamiko lake lilikuwa kwamba akirusha, mshale unaishia 11 badala ya 19 aliyoizoea. Kwa macho kila kitu kilikuwa safi, nati imekaza na inang'aa. Nikaunga balbu moja, ampea 4.8 zikapita, nikaweka ncha moja ya multimita juu ya bolti na nyingine juu ya pete ya waya uliofungwa kwenye bolti hiyohiyo. Sehemu mbili zinazogusana kabisa, na katikati yake milivolti 240.

Hiyo ni sawa na omu 0.05. Inaonekana ndogo, lakini ifanyie hesabu: kwa ampea 20 inakula volti 1 nzima na kutoa joto la wati 20 kwenye nati moja. Redio nyingi za aina hii zimeundwa kwa volti 13.8, na huvumilia hadi 11.7 hivi. Ukitoa volti 1 kwenye betri ambayo tayari imeshuka kwa kazi, redio inaanza kujibana. Mita ilikuwa inasema kweli tupu: redio ilikuwa inavuta ampea 11. Nilipofungua nati, chini ya washa kulikuwa na ukoko wa kijani uliojikausha kama rangi, umeenea upande mmoja tu wa pete, ule usioonekana. Baada ya kusafisha, multimita ikaonyesha milivolti 3, na mzee akaondoka na mita yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Washa balbu kupitia mita, kisha pima milivolti kwenye kila ungio, moja baada ya jingine: nguzo ya betri na kibano chake, kila upande wa fyuzi, kila pete na bolti yake, kila soketi. Kwa ampea 5, ungio zuri halizidi milivolti chache. Likifika makumi, lifungue. Likifika mamia, umeshampata mwizi.

Kusafisha: toa nati, washa na pete. Sugua kwa mswaki uliolowa spiriti mpaka ukijani uishe, kisha pitisha msasa laini kwenye nyuso zinazogusana tu, mpaka shaba iwe nyekundu au bati ing'ae. Angalia pia pale waya unapoingia kwenye pete. Kama shaba ya waya imekuwa nyeusi, kata sentimita chache hadi ukutane na shaba nyekundu, kisha bana pete mpya. Waya mweusi haushiki risasi, usipoteze muda kuulehemu. Kaza nati ukiwa umeishika ile ya ndani kwa spana nyingine, la sivyo bolti itazunguka na kukata waya wa ndani ya mita. Nimeona mita nzuri zikiuawa kwa kukazwa hivyo, na mwenyewe akidhani zimekufa kwa kutu. Vaselini inapakwa mwisho, juu ya ungio lililokwisha kukazwa, si katikati ya chuma na chuma.

Spiriti iishie kwenye chuma. Ikigusa kioo cha plastiki kinaweza kupasuka nyufa ndogondogo, na ikigusa uso wa mita inafuta namba.

Hatua ya nne: pima shanti

Panga mstari huu: chanya ya betri, fyuzi ya ampea 10, multimita ikiwa kwenye tundu la ampea 10, shanti na mita yako, balbu ya wati 55, kisha hasi. Balbu ikiwa baridi huvuta mkondo mwingi kwa kitambo kidogo sana, kwa hiyo usishtuke mshale ukiruka kisha ukatulia. Andika multimita inasoma nini. Kwa kawaida ni kati ya 4.5 na 5, kutegemea hali ya betri. Tuseme 4.8.

Sasa itoe multimita, unga waya pale ilipokuwa, irudishe kwenye kipimo cha milivolti 200, kisha gusa skrubu ndogo mbili za shanti. Zidisha: 4.8 mara 2.5 ni 12. Unatarajia milivolti 12.

Ukipata 12 kwenye shanti lakini nyuma ya mita hakuna kitu au kuna pungufu, tatizo ni nyaya nyembamba zinazotoka kwenye shanti. Zibadilishe zote mbili, ni kazi ya dakika chache. Ukipata 12 kwenye shanti na 12 nyuma ya mita lakini mshale hausomi 4.8, nenda hatua ya sita. Ukipata zaidi sana ya 12 nyuma ya mita, angalia kwanza kama kuna mtu alizihamisha nyaya nyembamba kutoka skrubu ndogo kwenda bolti kubwa. Hilo ni kosa la kila siku, kwa sababu bolti kubwa ni rahisi kufunga. Zikifungwa huko, mita inapima shanti pamoja na uchafu wa ungio, na inadanganya kwenda juu. Kama nyaya ziko mahali pake na bado namba ni kubwa, shanti ina ufa pale vijiti vyake vilipolehemiwa kwenye vichwa vya shaba. Itupe. Usiikwaruze kwa tupa ukidhani unasafisha, maana kila unachokipunguza kinaongeza ukinzani wake.

Kwa mita yenye shanti ndani, pima kwenye bolti zake mbili, ukigusa bolti yenyewe na si pete. Ukiona volti nyingi au balbu inafifia, shanti ya ndani imeachia. Zima mara moja.

Hatua ya tano: kutengeneza shanti kwa waya wa nyumba

Shanti halisi zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa metali uitwao manganini, ambao ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Agiza hiyo ukiweza. Lakini kama uko Newala, safari imefika na gari la mzigo la Dar bado halijapakia, waya wa shaba wa umeme wa nyumba unatosha vizuri, na duka lolote la vifaa vya ujenzi linao.

Chukua ule wa milimita 4 za mraba. Mita moja ya waya huo ina ukinzani wa mili-omu 4.6 hivi. Tunataka 2.5, kwa hiyo tunahitaji sentimita 54. Kata sentimita 75 ili upate nafasi ya kufungia pande zote mbili. Usitumie wa milimita 2.5 za mraba kwa ampea 30: urefu ungekuwa sentimita 34 tu, na kipande kifupi hivyo kinapata moto haraka.

Bana pete kila mwisho. Pima sentimita 10 kutoka pete ya kwanza, vua ganda kwa upana wa kucha, na ulehemu waya mwembamba wa kwanza wa mita hapo. Usiulehemu kwenye pete. Kutoka hapo pima sentimita 54, vua ganda kwa sentimita 4 au 5 kuizunguka alama hiyo, na waya mwembamba wa pili uushike hapo kwa klipu kwanza. Ukunje waya wote katikati, pande mbili zilale pamoja, ufunge kwa uzi sehemu tatu. Kukunja hivyo kunaufanya usinase mawimbi ya antena.

Sasa unasahihisha. Pima kila balbu peke yake kwa multimita na uandike: ya kwanza 4.8, ya pili 4.9, ya tatu 4.7, ya nne 4.8. Kisha toa multimita, rudisha fyuzi ya ampea 30, ziunge balbu zote nne sambamba kupitia shanti yako. Jumla ni 19.2, na volti za betri zikishuka kidogo tofauti yake ni ndogo kwa balbu za nyuzi. Sogeza klipu kwenye ile sehemu uliyovua ganda. Ukiisogeza kuongeza urefu, mshale unapanda. Ukipunguza, unashuka. Ukifika 19, zima, lehemu pale klipu ilipokuwa, kisha washa tena uhakikishe. Klipu isichomoke wakati balbu zinawaka kisha ukaigusisha ovyo kwingine. Zima kwanza kila unapoihamisha, hata kama inachosha.

Shaba ina udhaifu mmoja: ukinzani wake unapanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Waya ukipata joto la nyuzi 20 zaidi, mita inasoma asilimia 8 zaidi ya ukweli. Usiufungie ndani ya sanduku dogo lisilo na hewa, wala usiuache juani. Kwa mazungumzo ya kawaida ya redio, ambapo unarusha kidogo na kusikiliza zaidi, hautapata joto la kukusumbua.

Hatua ya sita: jaribu mshale bila kufungua kioo

Tenganisha mita na shanti kabisa. Usiweke multimita kwenye kipimo cha omu na kuigusisha kwenye mita. Multimita nyingi kwenye kipimo cha chini husukuma karibu miliampea 1, na koili ya maikroampea 100 itabamizwa mara kumi ya uwezo wake. Hapo umekunja mshale uliokuwa mzima.

Tumia betri ya tochi na rezista ya kilo-omu 47 kwa mfululizo, inayopitisha kama maikroampea 32. Mshale ukitikisika, koili ni nzima. Usipotikisika, jaribu kilo-omu 10, ambayo ni maikroampea 150, kisha 1.5, ambayo ni miliampea 1. Mita za milivolti 75 mara nyingi zinahitaji miliampea kadhaa kufika mwisho, kwa hiyo hata mtikisiko mdogo kwa rezista ya mwisho ni habari njema.

Kabla ya kufungua, hemea kioo. Ndiyo, pumua juu yake kama unayesafisha miwani. Mshale uliokuwa umening'inia ukishuka wenyewe, tatizo ni umeme tuli kwenye kioo cha plastiki, unaokuja ukikifuta kwa kitambaa kikavu. Pwani ni nadra kwa sababu ya unyevu, lakini Masasi na Newala wakati wa kiangazi unatokea. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo sana ya kuoshea vyombo, uache ukauke wenyewe.

Sifuri nayo irekebishe kwa skrubu ndogo ya usoni, mita ikiwa imesimama au imelala kama itakavyokuwa kazini, huku ukigonga kioo taratibu kwa ukucha.

Hatua ya saba: kufungua, kama hapana budi

Angalia uso kwanza. Mita za kijeshi za zamani, zenye namba na mshale uliopakwa rangi ya kung'aa gizani ambayo sasa imekuwa kahawia, huenda zimepakwa radiamu, madini yenye mionzi. Nusu ya radiamu hiyo huchukua miaka 1,600 kuisha, hivyo hata kama haing'ai tena, bado ipo, na vumbi lake likivutwa na pumzi ni hatari. Hiyo usiifungue.

Nyingine, fungua chumbani, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, juu ya kitambaa cheupe kilichonyevuka. Usifungue karibu na banda la anayechomelea mageti. Unga wa chuma wa grainda unasafiri mbali, na sumaku ya mita inauita kutoka popote ulipo. Bisibisi ya chuma pia inavutwa ghafla, inaangukia mshale. Tumia chelewa kwa kila kinachogusa ndani.

Mshale ukikwama mahali palepale kila mara, mulika tochi kati ya sumaku na koili. Utaona chenga, wakati mwingine moja tu, imesimama wima kama unywele. Viringisha selotepu kwenye ncha ya chelewa, gundi ikiwa nje, uipitishe taratibu mpaka inase. Sumaku usiitoe mahali pake kwenye mita za zamani, maana ikitengana na chuma chake inapoteza nguvu, na mita haitasoma sawa tena.

Mshale usiporudi sifuri baada ya kubamizwa, angalia springi ile nyembamba iliyozungushwa. Mizunguko yake inatakiwa iachane sawasawa. Miwili ikishikana, iachanishe kwa ncha ya chelewa, ukisukuma kidogo kwa ubavu, wala usivute. Mshale uliopinda unanyooshwa kwa vibano viwili vya plastiki: kimoja kinashika shina lake karibu na koili, kingine ndicho kinachokunja. Ukikunja bila kushika shina, nguvu yote inakwenda kwenye ncha za mhimili, ambazo zimesimama juu ya vijiwe vidogo.

Kwenye mhimili usitie mafuta ya aina yoyote, hata ya saa. Yanakusanya vumbi, na baada ya muda mfupi mshale utakwenda kwa kusitasita.

Kama mshale haukutikisika kabisa, tafuta rezista ndogo iliyounganishwa kwa mfululizo na koili. Mita nyingi zinayo. Jaribu tena kwa betri na kilo-omu 47 moja kwa moja kwenye koili, ukiiruka rezista hiyo. Mara nyingine ndiyo pekee iliyoungua. Koili ikiwa imekatika kweli, au springi imevunjika, hapo sikushauri kuendelea. Tafuta moyo mwingine, yaani sehemu nyingine yenye koili na mshale.

Mita ya kuonyesha sauti ya rekoda kuukuu inafaa. Unga betri ya tochi, volyumu na multimita ya maikroampea kwa mfululizo, anza volyumu ikiwa mwisho wa ukinzani mkubwa, punguza hadi mshale ufike mwisho, uandike. Kisha pima milivolti kwenye mita hiyo mshale ukiwa hapohapo. Tuseme umepata milivolti 130. Kwa ampea 30 unahitaji shanti ya mili-omu 4.3, yaani sentimita 94 za ule waya wetu wa milimita 4 za mraba. Itakula wati 3.9 kwa mkondo wote, si mbaya. Chora uso mpya kwa penseli, ukitia alama kwa balbu moja, mbili, tatu, nne, kwa sababu mishale ya rekoda haiendi kwa hatua sawa.

Hatua ya nane: mawimbi ya redio yenyewe

Kuna mita inayosoma sawa kwa balbu lakini mshale unacheza ovyo ukirusha, hasa antena ikiwa hatua chache kutoka mezani, kama tunavyofanya Shimo la Mungu pale Newala tukitazama bonde la Ruvuma. Nyaya nyembamba zimegeuka antena ndogo. Zisokote pamoja, weka kapasita ya nanofaradi 10 nyuma ya mita kati ya vichwa vyake viwili, na zizungushe mara tano au sita kwenye pete ya feraiti. Karibu na shanti weka fyuzi ya nusu ampea kwenye kila waya mwembamba, ili shanti ikiachia siku moja, fyuzi ife kabla nyaya hizo hazijaungua. Fyuzi ina ukinzani wake, kwa hiyo sahihisha mita ikiwa nayo tayari.

Mita za kidijitali zenye shanti ya nje zinapimwa kwa hatua ya tatu na ya nne vilevile. Nyingi za bei nafuu zinataka shanti iwe upande wa hasi. Ukiiweka upande wa chanya zinaweza kuungua, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Hatua ya tisa: jaribio la mwisho na safari

Rudisha fyuzi ya ampea 30. Unga redio kwenye mzigo bandia wa omu 50, yaani rezista kubwa inayomeza nguvu badala ya kuirusha, si antena. Kurusha hewani kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na alama yako ya wito inayoanza na 5H, na hata ukiwa nayo, majaribio hayahitaji kuwasumbua wengine. Tumia msimbo wa Morse (ule wa nukta na vistari, ukishikilia kitufe) au FM, ambapo nguvu inakuwa moja muda wote. Ukitumia SSB, namna ya kurusha sauti ambayo nguvu yake inafuata maneno, mshale utaruka na maneno na hautafika kileleni, hilo si kosa la mita. Soma ampea kwa nguvu ya wati 10, 50 na 100, uandike.

Ukisafiri na mita yenye shanti ya nje iliyotenganishwa, funga waya mfupi kati ya vichwa vyake viwili. Koili ikitikisika inazalisha umeme wake, waya huo unaurudisha, na mshale unatulia badala ya kupiga kuta njia nzima. Kwenye bodaboda ipakate, usiifunge kwenye kiti cha nyuma pamoja na betri. Tia sandukuni vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukirudi kutoka ufukweni, fungua sanduku siku hiyohiyo, futa nati kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha kikavu. Ndani ya kifuniko bandika karatasi yenye zile namba ulizoandika: balbu mbili mshale ulisoma ngapi, wati 50 ngapi, wati 100 ngapi, na tarehe. Siku mshale ukisoma tofauti na karatasi, anza tena hatua ya tatu.